Kutredi muda wote, kuwekeza polepole au kuajiriwa sokoni: ipi utaifurahia ukiwa Arusha au Moshi?

Vijana wanaonifuata na habari za masoko ya fedha, hapa Arusha na kule Moshi, siku hizi hawaulizi sana kama forex, yaani biashara ya sarafu za kigeni, inalipa. Wanauliza kama inafurahisha. Mmoja ana mshahara wa dukani Kaloleni na anafikiria kuacha kazi. Mwingine ni mwongoza wageni wa mlimani, ana tipu za msimu mkononi na mvua za masika ziko mbele yake bila safari. Wa tatu amemaliza Chuo cha Uhasibu Njiro (IAA) na anataka kujua kama kuna maisha kwenye jambo alilolipenda darasani. Wote wanataka kujua kitu kimoja: je, mtu anaweza kuifanya kazi hii miaka kumi na bado akaipenda?

Inategemea unasema kazi ipi, kwa maana zipo tatu na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutredi mwenyewe muda wote, yaani kununua na kuuza ili ule tofauti ya bei: sarafu, dhahabu, fahirisi za hisa za nje (vipimo vya bei za hisa nyingi kwa pamoja), kwa simu au kompyuta, kupitia broka, yaani dalali, wa mtandaoni. Ya pili ni kuwekeza polepole huku una shughuli nyingine inayokulisha: hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), vipande vya UTT AMIS (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba). Ya tatu ni kuajiriwa ndani ya soko lenyewe: dawati la fedha za kigeni la benki, kampuni ya madalali wa hisa, usimamizi wa mifuko, au kwa mtu wa Moshi, biashara ya kahawa.

Nitazipima zote kwa mambo matano: siku inavyokwenda, pesa inavyoingia, raha inatoka wapi, mwili na nyumba vinabeba nini, na usalama wa fedha zako. Pesa na raha nimezipa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu kwenye kazi hii kimoja ndicho kinachomlinda au kumuua mwenzake.

Siku inavyokwenda

Soko la sarafu halilali kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, lakini nguvu yake haiko sawa muda wote. Kwa saa zetu, London huamka saa nne asubuhi wakati wa kiangazi chao na saa tano wakati wa baridi. New York huingia saa tisa alasiri, au saa kumi. Kipindi ambacho miji hiyo miwili iko kazini kwa pamoja ndicho chenye mwendo. Takwimu za ajira za Marekani hutoka kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu au kumi na nusu alasiri, na benki kuu yao hutangaza uamuzi wa riba saa tatu au saa nne usiku. Kwa hiyo treda wa Afrika Mashariki ana asubuhi nyepesi, na jioni, watoto wakirudi shule na chakula kikiwa mezani, ndipo kazi yake inapopamba moto.

Jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi ni kwamba sehemu kubwa ya siku ni kusubiri. Treda mwenye nidhamu anaweza kukaa tangu asubuhi hadi usiku bila kufungua oda hata moja, yaani bila kununua wala kuuza, na hiyo ikawa siku nzuri ya kazi. Akifungua, anaweka kikomo cha hasara papo hapo kwa broka, yaani bei ambayo ikifikiwa oda inajifunga yenyewe. Asikiweke kichwani tu, maana umeme wa kwetu ukikatika au bando likiisha bei haimsubiri.

Mwekezaji wa polepole kwa kweli hana "siku" ya soko. Anasoma hesabu za robo mwaka za CRDB, NMB au Twiga, anafuatilia tangazo la mnada wa hatifungani wa Benki Kuu, anaangalia bei kwenye programu ya Hisa Kiganjani, kisha anarudi dukani kwake. Kwa mtu mwenye damu moto hali hii huchosha haraka.

Mwajiriwa ana saa za ofisi, bosi, ripoti na kikomo cha hasara alichopangiwa na wengine. Ofisi nyingi za namna hiyo ziko Dar es Salaam. Moshi ina upekee wake: ndiko iliko Bodi ya Kahawa na ndiko mnada wa kahawa ulikojengeka. Siku ya mtu wa kahawa huanza kwa kuonja vikombe na kuishia kwenye bei ya New York.

Pesa inavyoingia

Naanza na hesabu ya kutredi, kwa sababu ndiyo inayorukwa. Tuseme unahitaji shilingi 1,200,000 kwa mwezi: kodi, chakula, ada, bando. Tuseme pia umeshaiva na unapata asilimia 3 kila mwezi bila kukosa. Mtaji unaohitaji ni shilingi milioni 40, na hapo unakula faida yote, hakuna kinachobaki kukua. Asilimia 3 kwa mwezi huonekana kitu kidogo kwenye magrupu ya WhatsApp, ila ukiilimbikiza ni zaidi ya 42 kwa mwaka. Hisa za Berkshire Hathaway, kampuni iliyoongozwa na Warren Buffett, zimekua kwa wastani unaokaribia asilimia 20 kwa mwaka tangu 1965, na kwa rekodi hiyo dunia nzima inamwita mwekezaji bingwa.

Mwenye dola 200 hujaribu kuliruka pengo hilo kwa leveraji, yaani kutumia mkopo wa broka kushika mzigo mkubwa kuliko mtaji wake. Akifungua nusu loti ya euro dhidi ya dola, yaani mzigo wa euro 50,000, kila pipsi moja (hatua ndogo ya bei, 0.0001) ni dola 5. Pipsi 40 zikienda kinyume, dola 200 zimekwisha, na euro hutembea umbali huo ndani ya siku ya kawaida kabisa. Akaunti nyingi huungua hivyo, na uchambuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Bei ilirudi kule kule alikosema, yeye akiwa ameshatolewa nje. Ukubwa wa oda ndio uliomwangusha.

Takwimu za nje zinaelekea huko huko. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi kwenye mikataba ya CFD (ya kubashiri bei bila kumiliki mali yenyewe) hupoteza pesa, ikaweka kikomo cha leveraji cha 30 kwa 1 kwa sarafu kubwa. Broka wa mtandaoni aliye nje ya mamlaka za aina hiyo anaweza kukupa 500 kwa 1 bila kukuuliza chochote. Nchini Brazil watafiti waliwafuatilia watu waliotredi mikataba ya fahirisi ya hisa kwa zaidi ya siku 300. Asilimia 97 walipata hasara, na waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara walikuwa asilimia 1.1. Hao wachache ni watu halisi na kazi yao ni halisi. Nataka tu anayeacha mshahara ajue ukubwa wa mlango anaoingia.

Kwa mwekezaji wa polepole pesa huja kwa utulivu na kwa kuchelewa. Hatifungani za serikali unaweza kuanza na shilingi 1,000,000, na riba hulipwa kila miezi sita. Chukua mfano wa riba ya asilimia 12: milioni 10 zinakupa 600,000 kila nusu mwaka. Haikulishi wewe na familia, lakini ada inalipika. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kilichobaki ni chako. Hasara zipo pia. Walionunua hisa za Vodacom Tanzania kwa shilingi 850 mwaka 2017 waliona bei ikikaa chini ya hapo kwa miaka. Zipo pia hisa ambazo wanunuzi wake ni wachache kiasi kwamba ukitaka kuuza kwa haraka unaweza kukaa na oda yako siku kadhaa.

Mwajiriwa hupata mshahara hata mwezi ambao soko limemgomea, na mtaji anaouchezesha si wake. Mlango wa kuingia ndio mwembamba: nafasi ni chache, vyeti vinaulizwa, na wengi huanzia kazi za nyuma kama kulinganisha miamala na kuandaa makaratasi kabla ya kugusa bei.

Raha inatoka wapi

Kutredi kuna raha ya kweli, na sipendi inavyobezwa na watu ambao hawajawahi kuikaa. Kuna raha ya kuielewa dunia: kwa nini riba ya Marekani inagusa bei ya dhahabu, kwa nini yeni inasogea wakati wawekezaji wanaogopa. Kuna raha ya uhuru, kufanya kazi ukiwa Usa River au Rau bila kumwomba mtu ruhusa. Na kuna raha ya kujijua, kwa sababu hakuna kazi inayokuonyesha tamaa na woga wako haraka kama hii.

Shida ni kwamba soko ni mwalimu asiye na mpangilio. Unaweza kuvunja kila kanuni yako ukapata faida, kesho yake ukazifuata zote ukapata hasara. Akili hukariri kile kilicholipa, hata kama kilikuwa ujinga. Kuna kitu kingine pia: sehemu yenye msisimko ndiyo sehemu yenye gharama. Utafiti mmoja maarufu wa Marekani, wa miaka ya 1991 hadi 1996, uliangalia familia zilizonunua na kuuza hisa mara nyingi zaidi. Zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka wakati soko lenyewe lilipanda kwa 17.9. Kushughulika kwingi kuliwala.

Kwa jinsi ninavyoliona, kinachoamua kama utaifurahia kazi hii ni nani analipa kodi ya nyumba. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa machimbo ya Mirerani, anaweza kukaa miezi bila kuona jiwe, lakini kuna tajiri anayemlisha wakati anasubiri. Treda wa muda wote anachimba na kujilisha mwenyewe. Tarehe ya kodi ikikaribia, ile subira iliyokuwa ustadi wake inageuka kuwa anasa asiyoimudu. Anaanza kuona oda pasipo na oda, na ule udadisi uliomleta sokoni unapotea taratibu bila yeye kujua. Wapo waliokuwa wanaipenda chati walipokuwa wanatredi baada ya kazi, na wakaichukia mwaka ule ule waliofanya chati iwe kazi. Ujuzi wao haukupungua hata kidogo.

Raha ya kuwekeza polepole ni ya aina nyingine kabisa. Ni raha ya kumiliki: unapita mbele ya tawi la benki mjini ukijua una kipande chake. Unasoma ripoti ya mwaka, unahudhuria mkutano mkuu wa wanahisa kama mwenye mali. Haina mapigo ya moyo. Kwa wengine huo ni upungufu, na sioni sababu ya kuwabishia.

Na ya mwajiriwa? Hapa wacha niisemee Moshi kidogo. Watu wa Kilimanjaro waliingia kwenye soko la bidhaa la dunia zamani sana kabla forex haijafika kwenye simu. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ilianzishwa mwaka 1933. Bei ya arabika hutazamwa New York, ya robusta, kama ile ya Kagera, hutazamwa London. Julai 2021 baridi kali ilipoichoma mibuni ya Brazil, bei ya New York ilipanda kwa kasi, na mtu wa kahawa aliyeko Moshi alikuwa na sababu ya kufuatilia hali ya hewa ya bara jingine kila asubuhi. Huyo anasoma chati ile ile anayoisoma treda wa kahawa mtandaoni, lakini nyuma ya chati yake kuna gunia, kuna mkulima wa Kibosho, kuna meli. Akikosea, kuna mwenzake wa kujadiliana naye. Raha ya kuwa na wenzako kazini watu huithamini wakishaikosa.

Mwili na nyumba

Kutredi muda wote ni kazi ya upweke. Unakaa, macho kwenye kioo, mgongo unalalamika, na usingizi huvunjika pale ulipoacha oda wazi usiku. Tokyo huanza saa tisa ya usiku wetu, na kuna watu huamka kuitazama tu bila sababu ya kazi. Jambo la hatari zaidi ninaloliona ni siri: mume ameweka pesa ya kiwanja, mke hajui, au dada ametumia pesa ya kikoba, wenzake hawajui. Hasara iliyofichwa hutafuta kurudishwa haraka, na haraka hiyo ndiyo humaliza kilichobaki. Anayetredi muda wote akiwa na familia anahitaji kuweka mezani, mwenzake akisikia, kiasi ambacho kikipotea ataacha.

Mwekezaji hulala, ila naye anahitaji moyo wa kutouza bei ikishuka. Mwajiriwa ana presha ya bosi na ya malengo, na kwa wengi wa huku kuna gharama ya kuhamia Dar na kuwaacha wazazi.

Kwa Waislamu kuna suala la riba katika njia zote tatu: ada ya kulaza oda usiku kwa treda, riba ya hatifungani kwa mwekezaji, na aina ya benki kwa mwajiriwa. Zipo akaunti za kutredi zisizo na ada hiyo, na zipo sukuk, hatifungani za Kiislamu zisizo na riba. Muulize mwanachuoni unayemwamini kabla ya kuweka pesa, kwani leveraji yenyewe ina maswali yake.

Usalama wa fedha zako

Madalali wa DSE na mameneja wa mifuko hupewa leseni na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hatifungani hununuliwa kupitia benki au dalali, na jina lako huandikwa kwenye kumbukumbu. Ukigombana na mtu, kuna mlango wa kugonga. Broka wa mtandaoni aliyesajiliwa kwenye kisiwa cha mbali hana mlango hapa, na wapo wenye mtindo wa kukaa upande wa pili wa oda ya mteja, hivyo hasara yako inakuwa faida yao. Hata broka mkubwa anaweza kuanguka: tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa kikomo cha bei ya faranga ghafla, na Alpari ya Uingereza ikashindwa kujiendesha.

Arusha tunakumbuka pia Novemba 2018, Benki Kuu ilipofanya ukaguzi wa ghafla kwenye maduka ya kubadilishia fedha mjini. Biashara ya sarafu hapa nchini ina kanuni zake, na kupeleka mtaji nje kuna kanuni vilevile. Ziulizie kabla ya kutuma kiasi kikubwa.

Halafu kuna wale wanaokwambia "niletee pesa nikutredie, kila wiki unachukua asilimia yako". Hiyo haimo kwenye njia tatu ninazolinganisha. DECI, ule mpango wa upatu, mwaka 2009 ilitufundisha nchi nzima malipo ya aina hiyo hutoka wapi. Na menta anayetaka ujisajili kwa kiungo chake, muulize waziwazi kama analipwa kamisheni kwa oda zako. Wengine watakwambia ukweli, na huyo anayesema ukweli unaweza kujifunza kwake.

Kwa hali yako

Una mshahara na umeanza kupata faida ndogo ndogo jioni. Usiache kazi kwa sababu ya miezi mitatu mizuri. Ngoja upite kwenye kipindi kibaya ukiwa bado una mshahara, uone unavyokuwa. Kuacha kunaanza kuzungumzika ukiwa na matumizi ya mwaka mzima pembeni, nje ya akaunti ya broka, na rekodi ya oda zako inayofika miaka miwili.

Wewe ni mwongoza wageni au mgumu (mpagazi) wa mlimani, una tipu za dola na miezi mitupu. Miezi mitupu ndiyo mibaya zaidi kuanza kutredi kwa pesa halisi, kwa sababu unahitaji hela na una muda mwingi wa kufungua oda. Itumie kusoma na kutumia akaunti ya demo, ya mazoezi isiyo na pesa halisi. Tipu zenyewe ziweke kwenye mfuko wa UTT unaoweza kutoa pesa kwa haraka, msimu ukianza utajua kiasi gani si cha kula.

Umemaliza chuo, IAA au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, huna wanaokutegemea. Umri wako unaruhusu kujaribu ajira kwanza, hata kwa mshahara mdogo, hata kwa kuanzia ghala la kahawa. Utajifunza kudhibiti hasara kwa pesa za wengine chini ya watu wanaojua, na ukitoka baadaye kutredi mwenyewe utatoka na mazoea mazuri. Kama hupendi kabisa kuongozwa, basi tredi kwa mtaji mdogo ukiwa bado kwenu, kodi ikiwa haikusumbui, na upange tarehe ya kujitathmini.

Una duka, mifugo au shamba la ndizi na unataka tu fedha zisilale. Hatifungani na vipande vitakutosha. Hisa ongeza polepole kadiri unavyozielewa. Huna haja ya kuonea wivu chati za mtu.

Umestaafu na kiinua mgongo kimeingia. Hapa nasema kwa msisitizo: usitredi kwa leveraji na pesa hiyo, hata kama mwanao ndiye anayekufundisha. Kama soko linakupendeza, tenga kiasi kidogo cha kujifurahisha kichwa, na kilichobaki kikae mahali kinapolipa kila miezi sita.

Umeshapoteza na sasa unakopa ili urudishe. Simama kwanza, mwambie mtu mmoja wa nyumbani kiasi kamili, lipa deni kwa kazi yoyote unayoiweza. Soko litakuwepo mwakani.

Na kama bado huna uhakika ni kazi ipi kati ya hizi unayoipenda, tredi kwa demo miezi michache ukiandika daftarini, kila jioni, ulivyojisikia siku ambazo hukufungua oda yoyote. Ukiona siku hizo zilikuwa nzuri, za kusoma na kutazama bila kuwashwa, una tabia ambayo kutredi kunaihitaji. Ukiona zilikuwa mateso, basi uwekezaji wa polepole au dawati lenye watu wengine vitakutunza vizuri zaidi.